Thelathini na Nane

Murtaza amepanga darubini tatu juu ya kitambaa cha kijani
kama muuza samaki anayejua mnunuzi ataangalia macho kwanza.
"Hii kumi kwa hamsini. Unamvuta nyati kwa pembe."
Naipokea. Nzito kama mtoto aliyelala.
Baada ya pumzi tatu mikono inatetemeka,
na hapa juu ya paa la duka lake Malindi nzima inatetemeka nami:
tangi la maji, shuka za jirani, msalaba wa nguzo ya Mreno.

"Hii nane kwa thelathini." Nyepesi. Mji unatulia.
Namwona kunguru kwenye waya, naona na anachokila.
Lakini kioo kinachokaribisha hakina ukweli juu ya mbali:
kunguru yuko puani pangu, wala hajaondoka alipo.

Ya tatu haina maneno mengi. Unabonyeza, inakupa namba.
Tangi: mia na kumi na mbili.
Tena: mia na kumi na mbili.
"Wacheza gofu hawataki nyingine," anasema.

Simwambii kwamba tunajuana.
Tuliazima moja kama hiyo, kule Hindi, mwezi wa Juni.
Nyati dume, siku ya nne kwenye mahindi ya watu,
na mtu mmoja keshavunjwa nyonga.
Mwindo wetu hauna nyama. Bunduki yetu hutema sindano,
na sindano ina adabu zake: karibu, hewa kidogo;
mbali, hewa nyingi.
Famau akabonyeza. Sitini na moja.
Nikafungua hewa ya sitini na moja.

Mwale ulikuwa umepita juu ya mgongo wake
ukaenda kugonga mkoma uliosimama nyuma.
Nyati alikuwa thelathini na nane.

Niliusikia ubavu. Sauti ile sitaieleza,
ila mtu akivunja muwa karibu nami, huhama.
Aliingia mikokoni, na maji yalikuwa yanajaa.
Daktari Dhahabu akavua viatu, akamfuata mpaka kiunoni,
akarudi na sindano yake mkononi.
Hakunilaumu. Kwenye fomu aliandika:
umbali ulikadiriwa vibaya.
Ulikadiriwa. Kana kwamba ulijikadiria wenyewe.

"Basi, dada, ipi?"
Namuuliza kama ana nane kwa thelathini yenye mistari ndani.
Anapekua droo ya chini, anapuliza vumbi, ananitazama upya.
"Hii watu hawaitaki. Inachosha kichwa."

Ndani ya kioo, ngazi ndogo, nyembamba kama kope.
Haikupi namba. Inakuuliza:
mnyama huyu ana kimo gani begani?
Dume, pima moja kasoro shibiri.
Amejaza vidato vingapi? Haya, gawanya.
Na uwe na hakika ni dume,
si ndama wa karibu anayejifanya dume wa mbali,
na usubiri jua lilegee,
mazigazi yaache kumnyanyua kutoka ardhini.
Ni kazi. Ndiyo ninayoitaka,
chombo kitakachoniachia kazi.

Anapunguza mia tano, kwa huruma nadhani.

Duka la pili nanunua kamba, mita sitini.
Nitaifunga fundo kila mita kumi, niilaze majanini kambini
mpaka macho yaione hata ikiwa imekunjwa stoo.
Mhasibu wa Lamu ataishika risiti aulize kamba ya nini,
na kabla sijajibu atakuwa ameandika: mbuzi.

Macho hayana pazia, husema watu.
Yangu shida yake ni haraka.

Nje najijaribu, mkoba bado begani:
kutoka kizingiti cha Murtaza
hadi tuktuk inayongoja abiria wa hospitali,
hatua kumi na saba.
Naenda nikihesabu, kama mtu aliyepungukiwa,
muuza mabuyu akinisaidia kwa sauti kubwa.

Ishirini na moja.

Narudi kizingitini.